Vichwa Viwili Mlima wa Saranda

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Asubuhi baridi kidogo, kisha upepo wa mashariki ukavuma na vumbi mpaka jioni. Mbingu nyeupe, bila wingu.

Siku hiyo, katika ghala la asali la Itigi, Emilian Paskali alikuwa na pawa saplai mbili za kompyuta mezani na alitakiwa kuchagua moja. Zilikuja kwa basi kutoka Dodoma, zimetumwa na Ignas, muuza vifaa vya kompyuta ambaye hajapata kuonana naye, ila sauti yake ya simu ameizoea kama ya ndugu.

"Jaribu zote mbili, kaka," Ignas alimwambia. "Utakayoikataa niletee kwa basi la kesho asubuhi, kuna mteja anaisubiri."

Emilian ana miaka arobaini na sita. Kazi yake ni kuchuja na kupima asali inayoletwa na warina kutoka Rungwa na Mitundu, na mkono wake umezoea kiasi kwamba akiinua ndoo anajua kama asali imetiwa maji kabla mizani haijasema lolote. Asali iliyoiva ni nzito. Ya kuchakachua ni nyepesi, hata ndoo iandikwe maneno matamu namna gani. Basi alichukua zile pawa saplai akazipima kwenye mizani ya asali, moja baada ya nyingine. Ile nyeusi, ya muundo wa zamani, ilishuka na mizani kwa kishindo. Ile ya kijivu, mpya, ilikuwa nyepesi, na ubavuni imeandikwa wati nyingi kuliko mwenzake.

"Wewe unajisifu tu," Emilian aliiambia ile ya kijivu, akairudisha kwenye boksi lake.

Isitoshe alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Alijumlisha umeme unaoliwa na kila kifaa ndani ya kompyuta, na jumla yake ile nyeusi iliimudu, ikabaki na akiba. Akaifunga kwenye kitambaa cha kuchujia asali, akaenda nayo nyumbani huku upepo ukimsukuma mgongoni.

Kompyuta ilikuwa chumba cha nyuma. Mbele yake zilisimama runinga tatu kubwa, moja katikati na mbili zimeinamia ndani, zikifanana na kioo cha mbele cha kichwa cha treni na madirisha yake ya ubavuni. Kujaza runinga zote tatu kwa picha inayotembea bila kukwama, kadi moja ya picha haikutosha. Emilian alifunga mbili, kubwa kama matofali, alizozipata kwa Lucy, mpiga video za harusi wa Singida mjini, alipofunga studio yake. Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa humo ndani. Ikiwa dhaifu mashine inazima, na ikizimazima kadi zinaweza kuungua. Kadi kama zile hakuwa na pa kuzipata tena.

Wengine wenye mashine ya namna hiyo huchezea vita na magari. Ya Emilian ilikuwa na mchezo mmoja, wa kuendesha treni, na mchezo huo unamruhusu mtu kutandika reli yake mwenyewe. Kila jioni, baada ya kunawa asali mikononi, alikaa akitandika. Alianzia Saranda, akapanda mlima mpaka Manyoni, akapita Aghondi, akaja mpaka Itigi. Baba yake alikaa nyuma yake akimtajia kona na madaraja, kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto aliyoiota juzi. Vichaka vya Itigi, ambavyo mwezi wa Septemba ni vijiti vikavu vya rangi ya majivu, humo ndani vilikuwa kijani. Mzee ndiye aliyetaka hivyo. Alitaka iwe siku ya pili baada ya mvua ya kwanza, maji yamesimama kando ya tuta na mbingu imelala ndani yake.

Mzee Paskali Alute aliendesha treni za reli ya kati mpaka alipostaafu. Sasa presha ya macho imelimaliza jicho lake la kushoto, na la kulia limebaki kama chumba ambacho mtu anafunga madirisha polepole. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hakijulikani kitakaa mpaka lini. Picha ndogo haioni tena, ndiyo maana ya runinga zile. Mzee hakulalamika. Alisema tu siku moja wakila, kana kwamba anaomba chumvi, "Ningepanda Saranda mara moja tena, nikiwa bado naona."

Alasiri hiyo alikuwa ameketi tayari, amevaa kofia yake ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njia ni nyeupe?"

"Nyeupe, baba. Nafunga hii kwanza."

Emilian akafunga ile nyeusi, akachukua waya mmoja wenye vichwa viwili, akaugawa kwa kadi zote mbili ili mambo yakae nadhifu. Akawasha. Feni zikavuma, runinga zikajaa kijani, na ukuta wa chumba ukawa haupo. Mzee akaweka mkono kwenye mpini wa mwendo ambao Emilian alimtengenezea kwa mti wa mninga. Stesheni ya Saranda ikarudi nyuma taratibu. Mlima ukaja.

Walipoanza tu kupanda, kabla hata kona ya kwanza, kila kitu kikazima.

Wakakaa gizani, mapazia yamefungwa. Emilian akawasha tena. Treni ikatoka Saranda, ikafika palepale, ikafa palepale. Alipoinama alisikia harufu hafifu ya joto. Akazigusa kadi, bado zilikuwa nzima.

Akatoka nje mbio mpaka kwa jirani yao Leah, mwenye mashine ya kusaga, maana mashine hiyo ikiwashwa taa za mtaa mzima hupepesa.

"Leah, nakuomba simamisha kusaga kidogo, unanivutia umeme!"

Leah alikuwa ameketi kwenye kizingiti anachagua mchele. Akamtazama. "Kaka Emilian, mashine yangu imelala tangu mchana, mkanda umekatika. Kama ni kusingizia, tafuta mwingine, mimi leo nimepumzika."

"Basi samahani."

"Na huyo mzee mfungulie dirisha, utamwoka humo ndani!"

Akarudi mikono mitupu. Baba yake alikuwa bado ameshika mpini.

"Imekufa wapi?" mzee aliuliza.

"Palepale, baba, unapoanza kupanda. Sielewi. Nimepiga hesabu ya mzigo wote, inatosha kabisa."

"Mzigo." Mzee akacheka kidogo. "Hivi humo ndani unavuta kwa vichwa vingapi?"

"Kadi mbili, baba. Zinachora pamoja."

"Sisi pia Saranda tulikuwa tunafunga vichwa viwili. Sasa nikwambie. Ndoano ya kuungia mabehewa ilinikatikia mara moja tu kazini, na siku hiyo mabehewa yalikuwa machache. Mwenzangu alifungua nguvu zote na mimi nikafungua nguvu zote, kwa wakati mmoja, kabla mabehewa hayajakaza. Paa! Tukaondoka na behewa moja, mengine yakabaki yanatutazama." Akatikisa kichwa. "Tulivuka na mizigo mizito mara mia na ndoano ile ile. Ulikuwa mshtuko, mwanangu. Uzito haukuhusika."

Emilian akasimama pale na bisibisi mkononi. Aliiona hesabu yake yote ilivyokaa, sawasawa, kama asali iliyotulia ndooni. Lakini kadi hazinywi umeme hivyo. Mlima unapojaa ghafla kwenye runinga tatu, zote mbili hushtuka pamoja na kuvuta, kwa kufumba na kufumbua, mara mbili ya kawaida yao. Naye alikuwa amezining'iniza zote kwenye waya mmoja.

Akafungua boksi la ile ya kijivu na kutoa karatasi yake. Ilikuwa imeandikwa kwamba inahimili mvuto wa ghafla wa mara mbili ya wati zake. Maneno hayo aliyasoma asubuhi akayaona ni ya kuuzia tu. Akaishika tena kiganjani, nyepesi vilevile, na safari hii hakubishana nayo. Akaifunga mahali pa ile nyeusi. Kila kadi akaipa waya wake peke yake.

"Baba, toka taratibu."

"Nitoke taratibu! Unamfundisha nani?"

Saranda ikarudi nyuma. Mlima ukaja, feni zikapandisha sauti. Kona ya kwanza ikapita. Daraja likapita. Mzee akatamka neno la Kinyaturu, lile wanalomwambia ng'ombe apande kilima akiwa amechoka, na kichwa chake akakigeuza kidogo ili jicho la kulia lipate mlima wote. Maji kando ya tuta yalikuwa yanang'aa. Manyoni ikaja, ikaenda. Aghondi. Kisha vichaka, vichaka, kijani tu, pande zote, mpaka Itigi ilipoanza kuonekana.

Mzee akavuta breki, treni ikasimama nje ya stesheni.

"Mbona umesimama, baba?"

"Ule mlingoti wa taa ya ishara umeuweka kulia. Upo kushoto."

"Kushoto?"

"Kushoto. Siingii Itigi mpaka uuhamishe." Akavua kofia, akapangusa macho na kiganja. "Nitasubiri hapahapa."

Asubuhi ya Jumapili Emilian aliifunga ile pawa saplai nyeusi, akaipeleka stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Kisha akaifuata reli kwa miguu kuelekea Aghondi, akapita nyumba za mwisho, vumbi likiwa bado halijaamka. Mlingoti haukuwepo tena. Lilibaki shina lake la chuma, limekatwa, likiota kutu kwenye kokoto. Lilikuwa upande wa kushoto wa treni inayoingia Itigi. Akalipiga picha kwa simu, akarudi nyumbani, akawasha mashine, akauhamisha.