Koti la Agabala

Bi Sudaba hakuingia mlango wa mtu bila kwanza kuinua nyayo za viatu vyake, mmoja baada ya mwingine, na kuzitazama. Alizaliwa Balakhani, kijiji cha visima vya mafuta kando ya jiji la Baku, ambako watoto walirudi michezoni wamekanyaga mafuta ghafi na mama zao wakawangoja na ufagio. Hata benki, penye marumaru, aliinua mguu huku amenishika bega.

Nyumba zetu zilipakana ukuta. Mumewe, Agabala, alichimba mafuta tangu ujanani huko Neft Dashlari, mji wa vyuma uliosimama katikati ya bahari. Alipokufa, Bi Sudaba alibaki na neno moja tu: lazima Agabala awemo katika makumbusho. Tukaanza kuizunguka Baku. Tulipanda Mnara wa Mwanamwali, tukapita kwenye makumbusho ya mazulia, tukaingia majumba ya matajiri wa mafuta wa zamani.

"Ona," alininong'oneza mbele ya kabati la kioo. "Mpaka mswaki wa tajiri umewekwa. Aliyemchimbia yuko wapi?"

Hatimaye Mwalimu Elmaddin, mkuu wa jumba moja dogo la makumbusho, alikubali kulipokea koti la kazi la Agabala, lile nene la pamba, lililokakamaa kwa mafuta.

"Lilete tu, Mama."

Lakini kwetu nguo ya marehemu haitoki nyumbani chafu. Bi Sudaba aliliroweka katika mafuta ya taa, ndani ya beseni lake la kufulia, akalisugua kwa sabuni, akalianika juu ya paa, akalipiga pasi. Nami niliona ndivyo ipasavyo.

Mwalimu alilikunjua mezani, akaguna. "Mama, umefanya nini? Yale mafuta ndiyo tuliyoyataka!"

"Nikuletee uchafu wa mume wangu uwaonyeshe wageni? Mama yako alikufunza hivyo?"

"Sasa hili ni koti tu. Hata sokoni yapo."

"Sokoni!" Bi Sudaba akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Sikiliza, mwanangu. Yeye alilichafua, mimi nikalifua, wiki nenda wiki rudi, mpaka ngozi ya mikono ikabanduka. Mnataka kazi yake bila yangu? Andika: koti la Agabala, limefuliwa na mkewe, Sudaba. Siondoki."

"Mama, tunakaribia kufunga."

"Fungeni. Chai ninayo kwenye chupa."

Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha. Akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa, akaenda kutafuta kalamu.

Koti lilitundikwa kabla ya Novruzi, sikukuu ya majira ya kuchipua, na majina yao mawili chini yake. Tulikwenda pamoja kuliona. Bi Sudaba alisimama mbele yake, akanyoosha mkono kana kwamba angeirekebisha kola, akagusa kioo.

Usiku huo moyo wake ulisimama. Jioni tulikuwa tumeagana mlangoni pangu, naye ameshaanza kwenda, kisha akageuka.

"Kesho uamke mapema," aliniambia. "Tunawapelekea na beseni."