Mama na Kofia ya Sufu Katika Chumba cha Barafu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile Mama aliposimama katikati ya ua wetu pale Kariakoo, mwiko mkononi, akatangaza kwamba Dada Zuhura haendi Ulaya. Dada alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea udaktari katika nchi ambayo theluji hukaa mitaani miezi na miezi. Mtaa mzima ulishampongeza. Lakini tangu utotoni sikio lake la kushoto lilikuwa likivimba na kutoa usaha kila lilipopigwa na baridi, hata hii baridi yetu ya masika, na daktari alishamwonya.

"Nionyesheni kitu cha kulifunika sikio hilo," Mama alisema, "ndipo nitoe ruhusa."

Madukani hapakuwa na kitu. Ile ilikuwa miaka ya Ujamaa, sabuni tu tuliipangia foleni. Kofia ya sufu, katika jiji la joto kama hili, ungemwuliza nani? Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu: "Mama, kofia nitafuma mimi."

Sikuwa naropoka. Tangu nilipokuwa sekondari nilishona kofia za vito, zile nyeupe zenye vijitundu vya nakshi, za kwendea msikitini, na wazee wa Msimbazi walizigombania. Mikono yangu ilikuwa mizuri. Kichwa ndicho kilichokuwa na kasoro, kama utakavyoona.

Mama akanipa sweta kuukuu la buluu la marehemu Baba, alilokuwa akivaa alipoendesha lori la kwenda Mbeya. Nikalifumua, nikauosha uzi, nikautundika na jiwe chini yake ili unyooke. Sindano nilizitengeneza kwa spoki za baiskeli. Namna ya kufuma niliiiba kwa macho kutoka kwa Mwalimu Salome, mama wa makamo kutoka Makete, aliyepanga chumba kilichotazamana na chetu. Kila jioni alikaa barazani na sindano zake mbili. Ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza. Mimi, mwenye wateja wangu, nikamwulize mwalimu wa watoto wadogo? Nikafunga mlango nikafuma peke yangu, jasho likinitiririka mpaka kiunoni.

Kofia ilipokwisha, ilipendeza kweli. Ilikuwa fupi, ikakaa juu ya kichwa kwa heshima, ya uzi mmoja mwembamba, na pande zote niliizungushia vijitundu vya nakshi kama nilivyozoea, ili kichwa kipate hewa. Wewe umeshaona kosa langu. Mimi sikuliona. Nilizaliwa Dar es Salaam, na kwangu kofia ilikuwa pambo la mtu anayetokwa jasho.

Mama naye hakuwahi kuiona theluji, lakini alikuwa na kipimo chake. Kaka yake, Mjomba Seifu, alikuwa msimamizi wa chumba cha kuhifadhia barafu na samaki karibu na soko. Tukaenda. Dada akaingia amevaa kofia yangu, akicheka. Hatukukaa sana, akagonga mlango. Alitoka amelishika sikio kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtoka. Mama hakupiga kelele. Alimfunga khanga kichwani, akasema, "Safari imekwisha." Sikio lile lilitoa usaha siku kadhaa, na hilo, mwanangu, lilikuwa juu yangu. Nimezeeka nalo.

Tuliporudi nyumbani niliitupa kofia barazani. Mwalimu Salome akaiokota, akaiinua juani, mwanga ukapita.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hiki ni nini, kifumbu cha kuchujia nazi?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Nikamwambia ni kofia ya Dada.

"Kofia! Upepo unaingia huku unatokea kule, hata hodi haupigi. Na masikio je? Au atayaacha hapa Kariakoo?"

Nikajitetea kwamba wazee wa Msimbazi wote wanausifu mkono wangu.

"Mkono mzuri, sikatai," alisema, sasa bila mzaha. "Lakini umemfumia mzee wa Msimbazi anayekwenda kuswali Ijumaa. Dada yako hayumo humu. Kwetu Makete, asubuhi ya Julai unakuta maji ya ndoo yameganda juu. Nilikuwa hapa hapa, kijana. Ungeniuliza."

Nikamwambia tu kwamba uzi umekwisha.

"Uzi huu huu. Fumua. Mbele yangu."

Nikakaa barazani nikafumua. Watoto wa mtaani walikuja kutazama, wakawa wanaimba, "Kofia inakufa! Kofia inakufa!" Kila kitundu kilichonichosha macho kilifunguka kwa kuvutwa kidogo tu. Mwalimu akaingia chumbani kwake, akarudi na bonge la sufu ya kahawia. "Shika nyuzi mbili pamoja, ya baba yako na hii yangu. Na hizo spoki tupa." Akanipa vipande vya mwanzi vinene kama kidole viwe sindano, nikavikwangua kwa kigae cha chupa na kuvisugua kwa msasa mpaka vikateleza. Ukingo tuliufuma kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, ili uvutike na kubana kichwa, tukaufanya mrefu wa kukunjwa mara mbili juu ya masikio. Nikikosea, alinigonga kidole kwa sindano yake. Nikipatia, hakusema kitu. Mwishoni nilipitisha uzi katika vitanzi vilivyobaki utosini, nikauvuta, kofia ikafumba kama mdomo wa mkoba.

Haikuwa nzuri. Ilikuwa nene, nzito, buluu na kahawia zimechanganyika kama tope. Dada alikuwa ameanza kutoa nguo zake sandukuni, kimya kimya, na Mama alikataa kabisa kumwingiza tena kwenye barafu.

"Naingia mimi," alisema. "Nikitoka nimeshika masikio, msinitajie Ulaya tena."

Wachukuzi wa sokoni walipomwona Mama na khanga zake, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, walisimamisha mikokoteni. "Bibie, safari ya wapi, Urusi?" Mama alipita katikati yao. Aliingia, Mjomba akafunga mlango. Tukangoja. Dada alikuwa akitafuna pindo la khanga. Mjomba akashindwa kuvumilia, akagonga.

"Dada yangu, u mzima?"

"Niache! Nawapanga samaki wako, wamelala ovyo!"

Alipotoka khanga zilikuwa zimekakamaa kwa baridi na pua inachuruzika. Akaupandisha ukingo wa kofia, akamvuta Mjomba mkono. "Shika sikio langu, Seifu. Shika!"

Mjomba akashika. "Moto," alisema. "Kama chapati imetoka jikoni sasa hivi."

Mama akamgeukia Dada. "Zuhura, rudisha nguo sandukuni."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisimamisha biashara ya samaki. Wachukuzi wakaninyanyua juu juu, "Fundi! Fundi!" na kwa kitambo kidogo, sikufichi, nilitaka kuyameza yale maneno peke yangu. Kisha nikamwona Mwalimu Salome, aliyekuwa ametufuata, nyuma ya watu. Nikapaza sauti, "Fundi ni Mwalimu! Niliyoifuma peke yangu ilimliza Dada!" Mama akapenya katikati ya watu, akamkumbatia, na wote wawili wakalia wakicheka. Dada aliondoka Jumamosi. Alipanda ndege na kofia kichwani, katika jua la Dar es Salaam, jasho likimtoka, na hakuna aliyeweza kumshawishi aivue.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukiwa hodari wa jambo moja, usidhani umeyajua na mengine. Kabla hujaanza kazi ya mtu, uliza ataitumia wapi, kisha umtafute aliyewahi kuishi huko, hata akiwa jirani unayempita kila siku. Ukiharibu, fumua mbele ya watu, maana anayefumua mafichoni huishia kulificha na kosa lenyewe. Na ukishangiliwa, mtaje aliyekushika mkono, papo hapo, naye akisikia. Mimi somo hili lilimgharimu dada yangu, wala si mimi. Wewe usisubiri mwingine aumie.

Mungu akujalie mikono hodari na mdomo usioona haya kuuliza. Akupe walimu wakali, uwakute wangali barazani. Na popote baridi ya dunia itakapokupata, ikukute umefunikwa vema. Amin.