Waliokufa Mwaka Ule

Juzi sokoni Kalemie nilifungiwa karanga katika ukurasa wa kitabu cha Kifaransa: waliozaliwa na waliokufa mwaka fulani. Wakati wa Zaire, mchana mmoja, nilimsomea Mama ukurasa kama huo. Alikuwa akitwanga sombe, uwanja unanuka majani mabichi ya muhogo. Nilipofika kwa waliokufa, mchi ulinyamaza. Nilidhani anaheshimu kilio, maana kwetu jirani akifiwa hakuna anayetwanga.

“Soma pole pole. Jina ya Papa yako iko?”

Papa, baba yangu, alikuwa amepanda treni ya Kabalo, hakurudi.

“Haiko, Mama.”

Akaendelea kutwanga.

Sasa najua wale walikuwa wakubwa wa Ulaya, wamekufa mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Hata hivyo juzi nilitafuta jina la Papa kabla ya kula karanga.