Saa ya Kuzimisha Mashini

Enzi zetu, huku Dilala, mashini ya kusaga mahindi ilinyamaza mchana ili nyota zisikike. Unacheka? Wenye umri wangu hawacheki. Walikuwa pale kwenye mstari, beseni kichwani.

Juu ya kilima, nyuma ya nyumba za kampuni, ilisimama antene, sahani nyeupe kubwa kuliko kanisa letu. Wazungu waliijenga ili kufuata vyombo vyao vya anga. Chombo kikishapita upande mwingine wa dunia, antene ilikaa bure, na hapo baba yangu, Tata Ilunga, tekinisie, fundi wa mitambo ya pale, aliruhusiwa kuielekeza kwenye nyota zenyewe. Alituelezea kwamba nyota zinatoa sauti mchana na usiku, ndogo sana, sikio la mtu haliipati. Kalamu ya mashini yake iliichora kwenye karatasi, mistari kama vilima. Kila mara kipande kimoja cha mbingu. Karatasi alizibandika ukutani kwetu, moja pembeni ya nyingine, mpaka mama akakosa fasi ya kutundika Bikira Maria.

Sasa, moteri yoyote ya karibu iliharibu ile mistari. Basi baba akipandisha kitambaa chekundu kule kilimani, sisi batoto tulikimbia tukipiga makelele: "Mama Odia, zimisha!"

Mama Odia, mwenye mashini ya kusaga, alizimisha akinung'unika: "Batoto ba Ilunga, nyota njo itanipikia bukari leo?"

Wamama waliongojea unga wa bukari, ugali wetu, walicheka, kiisha wakanyamaza. Wenye pikipiki walizisukuma kwa mikono. Tulikaa kwenye harufu ya unga wa moto, tukilamba vidole, macho juu, kama kwamba na sisi tungesikia kitu.

Ikafika siku kikabaki kipande kimoja tu cha kujaza kule ukutani. Kitambaa kilipanda, Mama Odia akazimisha. Na katika kimya kile tukasikia misumeno. Nataja majina, sababu wenyewe hawakuona haya: Kabamba, mukubwa wa stesheni ya antene, na Sakala, mnunuzi wa shaba. Watu wao walikuwa wanakata waya za antene.

Tulipanda mbio. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari ya Kabamba.

"Mukubwa, muniachie leo tu. Kunabakia kipande kimoja."

Kabamba hakuteremka hata. "Ilunga, nyota zinakulisha? Shaba njo inatulisha."

Kisha sahani yenyewe ikakatwa. Bati zake ni paa ya depo ya Sakala, ghala lake la shaba, kwenye njia ya Fungurume, mpaka leo. Mvua ikinyesha zinalia. Baba alikufa akiangalia ule ukuta, na ile fasi tupu katikati ya karatasi.

Mashini ya Mama Odia sasa iko kwangu. Vijana wa leo wanapanda kilima kile kutafuta rezo, mtandao wa telefone. Ukiwatajia nyota, wanakuuliza anacheza ekipe gani ya mpira. Malori ya madini yananguruma kutwa. Lakini siku nyingine, mchana, mi nazimisha moteri.

"Mama, ni panne? Imeharibika?" wanauliza.

"Ndiyo, panne."

Wanangojea na beseni zao, macho kwenye telefone. Mi naangalia kilima. Zamani tukinyamaza, kulikuwa na mwenye kusikiliza.