Mstari wa Saa Kumi

Baba yangu alipohama Kapata na kuja kukaa kwangu mjini, alileta sanduku moja, redio, na rafiki mmoja ndani ya simu. Walikuwa wameendesha mashine pamoja kule mgodi wa Mashamba miaka mingi, wakila sahani moja. Sasa mwenzake alikuwa Likasi kwa binti yake, amepooza upande mmoja, hawezi kusema tena. Kila siku saa kumi mchana, saa ambayo zamani walikuwa wakirudi kutoka kazini, baba alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akampigia kwa video, mara nyingi mimi nikiwa kazini. Baba anasimulia, mwenzake anamtazama. Wakichoka, mwenzake anainua ule mkono mzima, basi wameagana. Starehe nyingine baba hakuwa nayo. Mimi nilijisifu kwa kila mtu kwamba kwangu mzee hakosi kitu.

Bon, mimi na hasira zangu. Mega za nyumba, intaneti tunayonunua kwa mwezi, zilikuwa zinaisha kabla ya nusu ya mwezi, na nilikuwa nimekwisha kumsingizia kila mtu, kuanzia mke wangu na michezo ya kuigiza anayoitazama mtandaoni. Mke wangu akaniambia, kama mimi ni fundi wa kompyuta kweli, nitafute mwizi badala ya kupiga kelele. Hilo liliniuma. Jumapili, tulipotoka misa, niliishusha ruta ukutani, kile kisanduku cha kugawa wifi, nikakifungua juu ya meza ya kulia ili nikipe kazi mpya: kunionyesha kila simu inayoingia na kiasi inachokula.

Baba akavuta kiti. Zamani Kapata, yeye ndiye alikuwa akifungua redio juu ya meza, mama akigomba kwa ajili ya kisu chake cha jikoni kilichogeuzwa bisibisi, na mimi nikishika skrubu kiganjani nisipoteze hata moja. Mama wa watu, Mungu amrehemu. Siku ile baba ndiye aliyeshika skrubu, amefumba mkono kabisa. Nilipuliza vumbi, nikaunga waya kwenye kompyuta, nikaondoa programu ya zamani na kuweka nyingine. Ruta ilizima taa zote kwa muda, nikadhani nimeiua. Taa zilipowaka, baba alicheka mpaka akakohoa. Sijui kama nimewahi kuwa na Jumapili tamu kuliko ile.

Kwenye skrini ikatokea mistari, mmoja kwa kila simu, pamoja na jina la simu. Baba aliifurahia, maana maisha yake yote alikuwa akitazama mishale ya kupima. Mstari wangu, wa mke wangu, wa televisheni. Jumatano jioni tukaitazama tena, na mwingine ulikuwa umepanda juu, kila siku saa kumi, jina lake herufi za Kichina. Kichwa kiliniwaka. Nyuma ya ukuta wetu walipanga Wachina wawili wa mgodini. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba watu hawana haya, wanakula mega za mwenzao kila siku na kunyamaza. Baba aliondoa macho kwenye skrini.

Kisha akasema, “Umukate.”

Nikamkata.

Wiki ile niliwanunia Wachina wa watu hata salamu sikuitikia. Nyumbani nilikuwa narudi jioni, mega zimetulia, nami najiona ndimi. Niliona baba hanyoi ndevu, nikamuuliza, akasema uso unamuwasha. Mke wangu akasema mzee hamalizi chakula. Tukadhani ni malaria inakuja.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilitoka kazini mapema, nikafika saa kumi. Baba alikuwa kitandani, simu kifuani, imezimwa. Nikamuuliza mwenzake wa Likasi hajambo. Akasema hajui, siku nyingi hawajaonana. Nikaichukua simu kifuani pake. Simu ile nilimnunulia mimi, sokoni, ya mkono wa pili. Nikaiwasha, nikatafuta mahali pa jina la simu. Herufi za Kichina, zilezile. Muuzaji aligeuza lugha kuwa Kifaransa, jina la mwenyewe wa kwanza akaliacha.

Aibu ilinishika, nikapandisha sauti kama mjinga, nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile.

“Mi nilijua ni simu yangu,” akasema. “Saa kumi, nani mwingine? Nilizania ulisema ni Bachinois juu usinipatishe haya.”

Nilimwapia kwamba sikujua. Kwetu, mzee haambiwi jambo zito usoni, unamsema mtu mwingine huku mzee anasikia. Baba alisikia hivyo, akaitoa hukumu yake mwenyewe ili kunipunguzia kazi. Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye akanipiga-piga begani, akasema si kitu, ku nyumba ya mutoto mutu anajizuia.

Nilimfungulia wifi palepale. Nikamwambia apige, mwenzake anangoja. Aliamka, akavaa shati, akajipitishia kitana. Akashika simu, kisha akanigeukia.

“Naweza kufunga mulango?” akauliza.

Ulikuwa mlango wa chumba chake.