Jamu ya Shangazi

Shangazi yangu huoka skonzi za jamu kila Jumapili, na dirisha la jikoni hulifungua makusudi ili majirani wateseke kwa harufu. Sifa ya mapishi yake anaitambia kuliko wanawe. Unga anaukanda kwa ngumi kama anayemfukuza mpangaji. Kila donge analitoboa kwa kidole gumba, anachovya ncha ya kijiko kwenye jamu, anaigusisha tundu kidogo tu, kisha kijiko anakilamba mwenyewe taratibu, macho ameyafumba. Chupa moja ya jamu anazeeka nayo. Sisi ndugu tumeshazoea: tunatafuna unga mtupu, tunasifu, tunaomba chai ya kusukumia. Jumapili iliyopita binamu yangu alimleta mchumba wake. Shangazi akamwekea sahani mapajani, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kusubiri sifa.

“Mama, yangu naona haina jamu,” mchumba akasema kwa adabu.

“Tafuna, mwanangu. Jamu iko mbele.”

Akatafuna hadi kwenye makombo. “Nimefika mwisho, mama. Sijakuta mtu.”

Binamu akapaliwa na chai. Shangazi akanyakua sinia, akaanza kupasua skonzi moja baada ya nyingine kama aliyepoteza hereni ya dhahabu, makombo yakiruka mpaka kwenye zulia. Katika ile ya mwisho kabisa akakuta kidoa chekundu. Akaiinua juu kama aliyeshinda kesi. “Si hii hapa!” Sote tukasogea kuitazama hiyo jamu. Akailamba.