Wakili Aliyekataa Kupambwa

Wakili Erastus Nzomo alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 2004, na habari zilimkuta Ndanu akiwa kazini Nairobi. Aliyempigia simu alikuwa Kavutha, mke wa marehemu. Kavutha hakulia.

"Mzee wako ametuacha leo asubuhi," alisema. "Sukari ilipanda, tukamkimbiza hospitali, hakurudi."

Kisha akamwambia kwamba kamati ya mazishi ilikuwa imempanga azungumze kwa niaba ya mawakili. Vijana waliopitia mikononi mwa Nzomo walikuwa wengi, lakini hakuna aliyekaa naye kama Ndanu.

Ndanu alikubali, akaweka simu chini, akabaki ameikodolea macho. Kavutha hakukosea kusema "mzee wako". Baba mzazi wa Ndanu aliishi Matuu, mkulima wa maembe, na ndiye aliyemsomesha. Lakini uwakili wenyewe, ule usiofundishwa darasani, aliupata kwa Nzomo.

Walikutana mwaka wa 1995. Ndanu alikuwa amemaliza masomo ya sheria, akitafuta wakili wa kumpokea kama mwanagenzi, amfunze kazi kabla hajaapishwa. Ofisi za Nairobi alikobisha hodi zilimwambia angoje, naye akangoja mpaka akachoka. Binamu yake ndiye aliyemtajia wakili mmoja wa Machakos mjini, mwenye ofisi juu ya duka la magodoro. Akapanda ngazi, akamkuta mwanamume mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta ndani ya koti ingawa jua lilikuwa kali.

Nzomo alipofungua kinywa, Ndanu alishtuka. Wakili alikuwa na kigugumizi. Na hakikuwa cha kujificha: kuna maneno yaliyomgomea kabisa, yakasimama kooni kama punda aliyekataa kuvuka mto, na yeye akayangoja bila haya mpaka yakatoka.

"U-u-unaweza kunyamaza?" alimuuliza.

"Naweza, Mzee."

"Tu-tutaona."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yote. Wiki za kwanza alimtuma kila siku mahakamani akaketi benchi la nyuma, na kumkataza kuwatazama mawakili. Atazame watu. Saa ya chakula walikwenda kwa Mueni, aliyekuwa na hoteli ndogo karibu na soko, na mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, Nzomo alimuuliza: yule mama wa shali ya kijani alikuwa upande gani? Shahidi alipotaja mpaka wa shamba, nani aliinamisha kichwa? Mwanzoni Ndanu alikisia tu. Baadaye alianza kuona, na alipoona alishangaa jinsi kesi nzima inavyoweza kuwa imekaa kwenye benchi la watazamaji huku mawakili wakibishana mbele.

Kortini Nzomo alisema machache, kwa kuwa kila neno lilimtoa jasho. Wanasheria wageni walimcheka mara moja tu. Mahakimu wenyeji walikuwa wamemzoea. Alipokwama, walishusha kalamu wakasubiri, na kwa vile walisubiri, walisikiliza.

Katikati ya mwaka wa 1996 ndipo yalipotokea ya Kalekye.

Kalekye alikuwa mjane wa Ekalakala, kijiji kimoja na kwao Nzomo. Mumewe alipofariki, shemeji yake alidai kwamba shamba lote lilikuwa la ukoo, na mahakama ya chini ikakubaliana na shemeji. Nzomo alimwahidi kwamba watakata rufaa. Kalekye akarudi nyumbani akalima akingoja, akijua mambo yake yako mikononi mwa mtu.

Siku moja Ndanu alikuwa akipanga faili. Akafungua ya Kalekye, akatafuta karatasi za rufaa, asizione. Alidhani zimewekwa pengine. Alipoenda kumuuliza, Nzomo aliitazama tarehe ya hukumu, akavua miwani, akaiweka juu ya faili. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita, na hakuna kitu kilichopelekwa mahakamani.

"Ni-nilisahau," alisema.

Ndanu alitarajia wangetafuta njia ya kuyasuluhisha kimyakimya. Badala yake Nzomo aliagiza Kalekye aitwe. Mama yule alifika kesho yake, amefunga leso kichwani, viatu vimejaa vumbi la safari. Nzomo hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Mwaitu," alimwita, kama mtu wa Ukambani anavyomwita mamaye, "rufaa yako si-sikuipeleka. Nilisahau. Kosa si lako, si la korti. Ni langu."

Kalekye alimwangalia Ndanu kana kwamba angemtafsiria, ingawa wote walikuwa wakisema Kikamba.

"Kwa hivyo shamba limeenda?"

"Bado. Tu-tutaiomba korti ikuruhusu uchelewe. Lakini mimi siwezi kusimama kukuombea, kwa sababu mimi ndiye mwenye kosa. Atakusimamia Ndanu. Na ukitaka kunishtaki, uko na haki. Huyu huyu atakuonyesha wakili wa kukusaidia."

Kalekye alifikiri. "Nikikushtaki nitapata shamba?"

"Hapana."

"Basi wacha kwanza tutafute shamba. Hayo mengine tutayaona."

Wiki hiyo Ndanu alikuwa ameapishwa kuwa wakili kamili, wino wa cheti haujakauka vizuri, na kesi yake ya kwanza mbele ya jaji wa Mahakama Kuu ilikuwa ya kueleza kosa la mwalimu wake. Aliandika hati ya kiapo ambayo Nzomo angeitia sahihi. Akakumbuka kwamba miezi ile mama mzazi wa Nzomo alikuwa amefariki, na Nzomo akaenda Ekalakala kumzika. Sababu ndiyo hiyo! Ni jaji gani angemlaumu mtu aliyefiwa na mamaye? Akaandika kwamba wakili alikuwa katika majonzi makubwa, na kutokana na hali zilizokuwa nje ya uwezo wake, na mengine ya namna hiyo. Ukurasa ukajaa, ukapendeza.

Nzomo alisoma mara moja. Akachukua kalamu akaikata aya yote.

"Mama alikufa lini?" aliuliza.

Ndanu akataja mwezi.

"Na siku za rufaa zi-ziliisha lini?"

Ndanu akahesabu moyoni. Muda ulikuwa umekwisha wiki mbili kabla ya msiba.

"Nilisahau kwanza. Yeye akafa ba-baadaye," Nzomo alisema. "Usimtume mama yangu kortini akaniongelee."

"Mzee, hakuna atakayehesabu hizo tarehe. Na nikiandika tu kwamba ulisahau, jaji anaweza kutukatalia. Atakayeumia ni Kalekye."

"Najua."

"Sasa?"

"Usinipambe, Ndanu. A-andika nilisahau."

Waligombana. Ilikuwa mara ya kwanza Ndanu kumpandishia sauti. Alimwambia kwamba anajali sifa yake ya kusema kweli kuliko shamba la mjane. Neno hilo lilimchoma Nzomo, ilionekana, lakini hakurudi nyuma. Alisema kwamba uwongo mdogo ukikamatwa katika kiapo, jaji hataamini hata lile la kweli, na hapo ndipo Kalekye atakapopoteza kila kitu. Ndanu akaandika upya. Hati ikawa ya mistari michache.

Siku ya kusikizwa, shemeji mtu alikuwa na wakili wa Nairobi aliyeitwa Henry Muthoka, mwenye sauti nzuri na suti nzuri zaidi. Alisema sheria haipo kwa ajili ya kuwapa zawadi wazembe. Alisema mengi. Kisha Ndanu akasimama.

"Wakili," jaji alimwuliza, "sababu yenu ya kuchelewa ni ipi hasa?"

"Wakili wake alisahau, Mheshimiwa."

Benchi la nyuma likacheka. Jaji hakucheka.

"Huyo wakili yuko hapa?"

Nzomo akasimama. Jaji akamtazama juu ya miwani. "Hii ndiyo sababu yako kweli?"

"Nd-nd-nd..." Neno likamkataa. Chumba kizima kikamngoja. Jasho likamtoka kipajini, na Ndanu akatamani ardhi ipasuke. "Ndiyo. Nilisahau. Ma-mama huyu hakusahau."

Jaji aliandika kwa muda, kisha akasoma uamuzi wake papo hapo: kosa la wakili lisimwangukie mteja aliyefanya lililompasa. Rufaa ipokelewe ingawa imechelewa, na gharama za siku hiyo zibebwe na wakili mwenyewe. Nje ya mahakama Muthoka alimfuata Nzomo, akampa mkono.

Rufaa yenyewe ilichukua karibu miaka miwili, na haikuisha kwa ushindi wa kupigiwa vigelegele. Kalekye alirudishiwa sehemu ya juu, palipo na nyumba na kaburi la mumewe. Sehemu ya chini, karibu na mto, alibaki nayo shemeji. Hakumshtaki Nzomo. Lakini pia kwa muda mrefu hakumpa kesi nyingine, na kila alipokutana naye sokoni alimsalimia akapita.

Ndanu alibaki na Nzomo hadi mwaka wa 1999, kisha akapata kazi katika ofisi kubwa ya Nairobi, akaolewa, wakahamia Syokimau. Nzomo hakumzuia. Alimwambia tu kwamba Nairobi watu hawanyamazi, ajihadhari.

Mazishi yalifanyika Ekalakala siku ya Ijumaa. Hema mbili hazikutosha. Justus, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati, alimvuta Ndanu kando kabla hajashika kipaza sauti.

"Dakika tano, daktari wa sheria. Na useme mazuri tu. Kuna wageni."

Waliotangulia walikuwa wameyasema mazuri yote. Nzomo hakuwahi kushindwa, Nzomo alikuwa simba, Nzomo alikuwa mti mkubwa. Kigugumizi chake hakikutajwa na hata mmoja. Ndanu aliwasikiliza akahisi wanamzika mtu mwingine. Aliposimama, akawaeleza jinsi Wakili Nzomo alivyosahau rufaa ya mjane wa kijiji hiki hiki, na jinsi alivyosimama mbele ya jaji akakwama, kisha akakubali.

Minong'ono ikapita chini ya hema. Justus akaangalia saa yake waziwazi. Ndanu akadhani ameharibu. Hapo ndipo sauti ya mwanamke mzee iliposikika kutoka upande wa jikoni, walikokuwa akina mama waliopika:

"Ni kweli! Mjane mwenyewe ni mimi! Alinisahau, na akaniambia!"

Watu waligeuka. Wengine wakacheka, wengine wakafuta macho. Kalekye alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Ndanu akamaliza hapo, ingawa dakika zake zilikuwa bado.

Justus hakumuaga alipoondoka, na kwa mwaka mzima alilalamika kwamba wakili yule wa kike alimwaibisha ndugu yake kaburini. Kavutha hakuona hivyo.

"Hata mimi alinisahau," alimwambia Ndanu jioni ile wakiwa wamebaki wawili, sahani zikikusanywa. "Siku ya harusi ya dada yangu niliketi na mizigo yangu barabarani nikimngoja. Nikamkuta ofisini anasoma." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio chake cha kwanza tangu siku ile ya simu.

Baada ya mazishi Kavutha alimkabidhi funguo za ofisi. Ndanu aliahidi kitu kimoja tu: kuja Jumamosi kugawa kesi zilizobaki kwa mawakili wengine wa mjini. Akaanza kuja. Wateja walipanda ngazi, wakamsikiliza akiwatajia mawakili wazuri, wakakubali kwa kichwa, na Jumamosi iliyofuata wakarudi pale pale. Mumewe alimwuliza mara ngapi mtu hugawa kitu kimoja. Mwaka wa 2005 aliacha kazi Nairobi, akatundika kibao chenye jina lake mwenyewe juu ya duka la magodoro.

Mwaka ule wa kwanza alishinda kesi kadhaa, akashindwa nyingine ambazo alidhani hawezi kushindwa. Kavutha alirudi kuishi Ekalakala, akalima ndengu, zile choroko za kijani, na kufuga mbuzi. Kila mavuno yakifika hutuma gunia dogo mjini, na Ndanu huligawa na Mueni wa hotelini, kwa sababu nyumbani kwake Syokimau hakuna anayekula ndengu.